Papi anakojoa kila akisalimia watu: tafuta chanzo kwanza ndo uanze kurekebisha

Papi wako, yaani mtoto wa mbwa, ameshajua choo vizuri tu, usiku hachafui, mchana akibanwa anaenda mwenyewe mlangoni kuomba atoke, ila mtu akiingia ndani, hata kama ni wewe uliyetoka dakika tano zilizopita, anakuja mbio na mkojo unamtoka. Wengi hapo wanafanya moja kati ya mawili, wanamgombeza au wanarudi mwanzo kabisa kwenye mafunzo ya choo. Kurudia mafunzo ni kupoteza muda tu maana hilo analijua, na kumgombeza ndo kunafanya tatizo ambalo lingeisha lenyewe liwe sugu. Mkojo wa salamu hautoki kwa kukusudia, na mara nyingi mwenyewe hata hajui kama kakojoa, utamwona anazidi kurukaruka juu ya maji yake na kuyasambaza sebule nzima kwa miguu.

Sasa ishu ni kwamba mkojo wa mlangoni una vyanzo kama vitano sita hivi na dawa zake hazifanani, afu kuna dawa ya chanzo kimoja inayoharibu kingine. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, weka simu pembeni ya mlango irekodi video, ingia kama kawaida yako, baadaye kaa uiangalie taratibu. Usiangalie mkojo, angalia zile sekunde mbili tatu kabla haujatoka. Masikio yapo wapi? Mkia uko juu au umeshuka? Kasimama au kajishusha? Na wewe ulikuwa unafanya nini muda ule, umemwinamia, umemwita kwa sauti kubwa, ulikuwa umeshamgusa? Sehemu kubwa ya jibu utaiona hapo.

Kasimama au anarukaruka, mwili umelegea, mkia unaenda kasi, mkojo unatoka kidogo kidogo huku anatembea

Huu ndo mkojo wa mzuka. Anakuja kwako mwenyewe, mdomo wazi, kiuno kinapinda huku na huku kwa furaha, na matone yanafuata nyuma yake. Unaweza kutokea pia kwenye mchezo, au akiona umeshika kamba ya kwenda matembezi. Chanzo chake ni kwamba misuli inayobana mlango wa kibofu na neva zinazoiendesha bado zinakomaa, akiwa ametulia anamudu kubana, furaha ikipanda ghafla anashindwa. Basi, hamna ukorofi wala kiburi hapo. Papi wengi huacha wenyewe kadri wanavyokua, kwa kawaida kabla ya kutimiza mwaka au karibu na hapo, ila kwa sharti kwamba kila siku mlangoni pasiwe sherehe. Nitarudi kwenye hili kwa kirefu maana ndo la wengi.

Kajishusha, masikio yamelala nyuma, mkia chini au katikati ya miguu, anajilamba midomo, anakwepa macho, au anajilaza chali kabisa na mkojo unatoka hapo hapo

Huyu sio mzuka, huyu ananyenyekea. Kwa mbwa hii ni lugha ya adabu, papi anamwambia mkubwa "mimi ni mdogo, sina ugomvi", na mkojo ni sehemu ya hiyo salamu. Kinachouleta ni mtu kumwinamia kutoka juu, kumkazia macho, mkono kushuka kichwani kwake, sauti nzito, kumfuata moja kwa moja uso kwa uso. Papi waliokuzwa kwa kupigwa au kufokewa huwa nao sana, lakini usimhukumu mtu aliyekupa mbwa, kuna papi wa upole tu tangu kuzaliwa ambao hawajawahi kuguswa na fimbo na bado wanafanya hivi.

Hapa ndo pale niliposema dawa moja inaharibu nyingine. Mtu anasoma kwamba papi mwenye mzuka afundishwe kukaa chini kabla ya salamu, anamsimamia huyu mnyonge mbele yake na kumwambia "KAA!" kwa sauti ya kijeshi. Mkojo ndo unamwagika wote, kwa sababu umemtisha na yeye jibu lake la kutishwa ni hilo hilo. Ukimfokea baada ya hapo anazidi kuomba radhi kwa lugha anayoijua, yaani anakojoa tena, na nyie wawili mtazunguka hivyo mpaka lini.

Kwa huyu, jishushe wewe. Ingia, kaa kwenye kiti au chuchumaa ukiwa umempa ubavu, sio kifua, macho yako yawe pengine, mkono uache chini umekunjuka na yeye ndo aje aunuse. Akija, mkune kifuani au chini ya kidevu, kichwani sahau kabisa kwa sasa. Sauti ya kawaida ya chini. Akijilaza chali usimfuate kumkuna tumbo, wengi wanadhani anaomba kubembelezwa kumbe ni kunyenyekea kule kule, geuka uondoke pole pole umwache ainuke mwenyewe. Na mpe vitu vidogo anavyoviweza, amri mbili tatu rahisi alizofundishwa kwa chakula na sauti laini, papi anayejiamini anakojoa hovyo mara chache zaidi.

Vyote viwili kwa pamoja

Wapo wengi tu. Anakuja mbio na furaha, anafika miguuni kwako anashuka chini, anakojoa. Mara nyingi huyu alianza kama wa mzuka afu akagombezwa mara kadhaa, sasa akikuona anafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Mchukulie kama wa kunyenyekea kwanza. Ukimtuliza woga, kinachobaki ni mzuka na huo una dawa.

Ni dimbwi kubwa, sio matone

Kachuchumaa kabisa na kumwaga yote? Kibofu kilikuwa kimejaa, mgeni kamkuta tu. Kuna hesabu ya haraka haraka watu wanaitumia, umri wake kwa miezi jumlisha moja, hizo ndo saa anazoweza kukaa bila kukojoa, papi wa miezi 3 ni kama saa 4 hivi. Lakini hiyo ni akiwa ametulia au amelala, akiwa anacheza au ametoka kula, kunywa au kuamka, muda unapungua sana. Mtoe nje mara nyingi zaidi na hasa kabla watu hawajafika. Hapa mafunzo ya choo ndo yanahusika kweli.

Kainua mguu, kapiga kidogo kwenye begi la mgeni au kona ya kochi

Huyo anaweka alama yake, ni habari nyingine kabisa na kwa papi mdogo sana kwa kawaida hutaiona, inakuja akianza kubalehe. Mabegi na viatu vya wageni viwekwe juu, na uongee na daktari wa mifugo kuhusu kuhasi kama hukuwa na mpango wa kumzalisha.

Anavuja hata kama hakuna mtu wa kumsalimia

Hapa usicheze na mbinu za mlangoni, nenda kwa daktari wa mifugo. Dalili zenyewe: analowanisha sehemu aliyolala, manyoya ya nyuma hayakauki, anajilamba huko chini muda wote, anachuchumaa mara kwa mara vinatoka vitone, analia au anajikamua akikojoa, mkojo una damu au harufu kali ghafla. Hayo mengi ni maambukizi ya njia ya mkojo, UTI, yanatibika. Kama anavuja tangu ulipomchukua bila kuacha, mchana na usiku, na hasa akiwa jike, daktari ataangalia kama mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo iliungana na kibofu mahali pake, kuna papi wanazaliwa ikiwa imepitiliza na kutokea mbele ya mlango wa kibofu. Siberian Husky, Labrador na Golden Retriever ni kati ya aina zinazotajwa sana kwa hilo, na linarekebishwa kwa upasuaji. Kuna majike wengine wadogo ambao misuli ya kubana ni dhaifu tu, wanavuja wakilala, na baadhi yao hupata nafuu baada ya joto la kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha kutaka dume, kwa hiyo ukiwa na jike wa namna hiyo muulize daktari kabla hujamfunga kizazi mapema.

Pima na maji pia. Jaza bakuli kwa kipimo asubuhi, kesho yake muda ule ule pima yaliyobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo yake ndani ya saa 24 anakunywa kupita kiasi, yaani wa kilo 5 akimaliza zaidi ya nusu lita kwa siku hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Kumbuka tu kwamba anayekula chakula kikavu hunywa zaidi ya anayekula chakula chenye majimaji, na joto nalo linaongeza. Na kwa jina la Mungu usimnyime maji ili asikojoe wageni wakija, unampa tatizo jingine juu ya hili na kibofu kikiwa na kidogo bado hicho kidogo kitatoka.

Ukienda beba mkojo. Chukua sahani pana safi, subiri ameanza kukojoa nje asubuhi, ipitishe taratibu chini yake, mimina kwenye chupa safi yenye mfuniko, uwahi nayo au uiweke kwenye friji kama utachelewa.

Sasa tuje kwa wa mzuka, mlango kwa mlango

Lengo lako ni moja tu, kuingia kwa mtu kuwe jambo la kuchosha. Ukiingia, mbwa hayupo. Humwangalii, humsemeshi, humgusi, hata kumsukuma asirukie nguo ni kumgusa. Weka funguo, weka mzigo, tembea moja kwa moja mpaka mlango wa kwenda nje anakokojolea, ufungue, mtoke wote. Akikojoa kule kwenye majani, mpongeze kwa sauti ya kawaida. Salamu zenyewe zifanyikie huko huko nje siku za mwanzo, mkojo ukimtoka unamwagika kwenye nyasi na wewe hukunji uso, na huo uso wako usiokunjwa ni nusu ya kazi.

Subiri mpaka lini ndo umsalimie? Swali zuri, na watu wengi wanafeli hapa, wanahesabu dakika. Usihesabu, mwangalie yeye. Miguu yote minne iko chini, mkia umepunguza spidi, anahema kawaida, ameanza kunusanusa vitu vingine. Hapo sasa. Chuchumaa upande, mkune kifuani kidogo, na uache KABLA hajapanda tena. Ukiona kiuno kimeanza kupinda au masikio yanaenda nyuma, toa mkono, simama, angalia ukutani. Rudia akitulia. Mwanzoni inakuwa inachekesha, sekunde tatu mkono, dakika nzima ukuta, ila anashika.

Kitu kinachosaidia sana ni chakula sakafuni. Chukua punje chache za chakula chake cha kawaida, ukiingia zitawanye chini mbali kidogo na miguu yako. Papi ananusa, pua inaenda chini, na ni vigumu kuruka na kumramba mtu uso huku unatafuta punje kwenye kapeti. Mpaka azimalize umeshaingia, umeshavua viatu, mzuka umeshapungua. Wengine wanampa mdoli wa kubeba mdomoni, kwa baadhi inafanya kazi ile ile, kwa wengine inaongeza kelele, jaribu uone.

Zoezi la mlango lifanye pia wakati hamna anayefika kweli. Toka, ingia, pita kama humjui, kaa, toka tena. Mara ya kwanza atashangilia kama umetoka vitani, ukirudia rudia atainua kichwa tu na kulala tena. Kengele au hodi nayo ifundishwe hivyo, mtu agonge afu asiingie mtu, mpaka ile sauti ipoteze maana. Na kuaga nako punguza, hizi hotuba ndefu za mlangoni, "mama anarudi sasa hivi mwanangu usilie", zinampandisha kabla hata hujaondoka.

Kukaa chini kwa amri ni nzuri kwa wa mzuka, sio kwa mnyonge, ila mfundishie jikoni au uani akiwa ametulia, akishaiweza kabisa ndo uipeleke mlangoni. Ukimfundishia mlangoni moja kwa moja ni kelele tu, hakusikii.

Imeshamwagika? Usishtuke, usiseme "aaah!", usikimbilie tambara mbele yake. Mtoe nje kimya, mwache huko au chumba kingine, ndo urudi kufuta. Kausha kwanza kwa kitambaa, afu tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (enzymes), ile inavunja harufu yenyewe. Yenye amonia achana nayo, inanukia kama mkojo na unamwekea kibao cha choo pale pale. Pampasi za mbwa au ule mkanda wa tumbo wa madume ni sawa siku ya wageni wengi, ubadilishwe mara ukilowa maana ngozi inachubuka, ila haumfundishi kitu.

Wageni, ndo kazi yenyewe

Mbwa utamweza, watu ndo shughuli. Kuna yule anayeingia na mikono imefunguka, "jamaniii kamekua!", sauti ya juu, anamwinamia na kumkamata mashavu, ukimkataza anakujibu "aah mimi mbwa wananipenda". Kukupenda ndo kunakomkojolesha. Wa hivyo usibishane naye mlangoni, utashindwa, mtumie meseji kabla hajafika: ukifika usimwangalie mbwa, usimwite, pita ukae, nitakuambia lini umsalimie. Afu siku hiyo papi awe kwenye kamba mkononi mwako au nyuma ya kizuizi cha mlango, ametolewa nje kukojoa muda mfupi kabla, na aletwe kwa wageni wakishakaa na stori zimeanza. Mtu aliyekaa hatishi wala hasisimui kama aliyesimama.

Watoto wapewe kazi, sio marufuku. Ukimwambia mtoto usimguse atamgusa. Mwambie wewe ndo wa kutupa punje, tupa moja moja sakafuni, usimpe mkononi. Anakaa sehemu moja, hapigi kelele, na papi anaangalia chini.

Nimefanya yote bado

Kwa wenyeji ameacha, kwa wageni bado: ni kawaida, mgeni bado ni tukio. Omba jirani mmoja mstaarabu aje mara nyingi kwa muda mfupi, aingie, akae, atoke, bila hata kumsalimia.

Anakojoa kwa mtu mmoja tu ndani ya nyumba: mara nyingi ni mwenye umbo kubwa, sauti nzito, au ndo mkali wa nyumba. Huyo kwa muda awe ndo anayelisha, na akiingia akae kwanza. Asiudhike, mbwa hamchukii.

Alikuwa ameacha kabisa, ameanza tena: usikimbilie kusema ni jeuri ya ujana. Kapime mkojo kwanza. Ukiwa safi, jiulize nini kimebadilika, kuna mtu mpya, kuna aliyemfokea, kuna siku fataki zilimtisha?

Ameshapita mwaka na nusu na hakuna nafuu yoyote hata kidogo: daktari tena, hata kama alishasema mzima. Kuna dawa za kusaidia misuli ya kibofu kubana, anaandika yeye kwa kipimo chake baada ya kujua chanzo, usimpe dawa ya binadamu iliyobaki kabatini.

Anakojoa kila ukimvalisha kamba: angalia unavyofanya. Umesimama mbele yake, umeinama, mikono yote miwili inashuka shingoni. Hata papi wa mzuka anaweza kushuka chini hapo. Badala yake kaa kwenye ngazi au kiti kidogo karibu na mlango, mpe ubavu, shika kipande cha chakula mahali ambapo akija kukichukua shingo yake itakuwa karibu na goti lako, akiwa anatafuna funga ndoano kwa chini, upande wa koo, sio juu ya shingo. Kama hata hivyo anavuja, mwache avae mkanda mwepesi wa kifuani muda wote akiwa macho na wewe upo unamwona, ili kinachobaki kiwe kubana ndoano ya kamba tu, na hilo mkalifanyie nje ya mlango.